Divai Niliyoipeleka Wamaza kwa Chupa Nyeupe

Sifa mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukipiga chafya kila mama yako anapokung'uta ile valizi ya nguo zako. Ninaandika kwa sababu nikikuita hapa barazani nitaanza mzaha, wewe utacheka, mama yako atatuita tule, na kesho asubuhi utapanda pikipiki bila mimi kusema jambo lolote la maana. Unanijua. Mdomo wangu ni mwepesi kwa wateja na mzito kwa watoto wangu.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kukataa dereva aliyekunywa, mama yako ameyasema hadi kuku wa hapa nyumbani wanayajua. Mimi siyarudii. Nataka kuzungumza juu ya yale masharti yangu.

Ulipopata kazi ya uuguzi kwenye kituo cha afya cha Salamabila, nilifurahi kwa muda mfupi sana. Baba zako wadogo walifika jioni ileile, wakavuta viti. "Salamabila? Kule kwa wachimba dhahabu? Mutoto mwanamuke, peke yake, mu ile mji ya pombe?" Nami, badala ya kukutetea, nikajifanya mtu mwenye busara. Nikakuita mbele yao. Nikasema utakaa kwa shangazi yako Mwavita, naye atanipigia simu kila jioni kunieleza ulitoka na nani na ulirudi lini. Nikasema ukienda mahali popote unitumie picha, na simu yako iwe wazi kwa shangazi akitaka kuitazama. Baba zako wadogo wakatikisa vichwa, wameridhika. Wewe ukasema, "Ndiyo, papa," ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Tangu siku ile umekuwa ukinijibu kwa adabu sana. Adabu hiyo imeninyima raha.

Leo asubuhi mama yako alikuwa anafunga mawese ya kumpelekea shangazi. Alikuwa ameshika ile chupa ya kijani, ya divai, anaizungushia kitambaa. Nikamwambia, "Weka mu chupa nyeupe, Mwavita aone namna mawese yako iko safi." Hakugeuka hata shingo. Akasema, "Papa Sifa, weye tena njo wa kunifundisha mambo ya chupa?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akasema polepole, "Na ule mutoto, umemutia mu chupa gani?"

Nilitoka nje nikajifanya ninatafuta nyundo.

Habari ya ile divai umeisikia vipande vipande kwa mama yako, na kila kipande mimi ni mjinga ndani yake. Ni kweli, nilikuwa. Lakini leo uisikie kwangu, maana kuna sehemu ambayo mama yako haijui vizuri, nayo ni namna nilivyojisikia.

Nilipokuwa kijana, kabla pikipiki hazijajaa huku, tulikuwa tunapeleka mizigo kwa baiskeli kutoka Kasongo hadi Wamaza. Watu walisema tunaendesha baiskeli. Uongo. Tulizisukuma, zimejaa chumvi, sabuni na vitenge, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili uweze kuiongoza ukiwa pembeni. Kwenye mchanga unasukuma, kwenye kilima unasukuma, na kwenye mteremko unavuta nyuma isikukimbie. Baba yangu alikuwa amefariki, shamba letu lilikuwa dogo, na kilichonipatia mizigo ni kwamba wafanyabiashara walinitaja kwa jina, "Mpe Kitenge, kitu kitafika." Sikuwa na mali nyingine zaidi ya maneno hayo.

Mwaka mmoja wakati wa kiangazi, parokia ilitafuta mtu wa kupeleka divai ya misa Wamaza. Abbé, padre wetu, alikuwa anazunguka vijiji vya mbali, na angefika Wamaza kwa sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, abatize watoto waliokuwa wakimsubiri muda mrefu. Divai ilitakiwa imtangulie. Sasa, wabebaji wa divai walikuwa na jina baya. Mmoja aliwahi kufikisha chupa iliyojaa chai, akaapa kwamba divai siku hizi inatengenezwa hivyo. Chupa zenyewe zilikuwa za kijani kizito, huoni kilicho ndani. Ungeweza kutia maji ya mto Lualaba na mtu asijue hadi siku ya misa. Basi nilipokubali kazi ile, vijana wenzangu uani pa parokia walinicheka: "Weye utafika Wamaza unaimba zaburi!"

Kicheko kile kiliniuma. Nikafikiri usiku na mchana namna ya kuwaonyesha kwamba mimi si mwizi. Na wewe unajua sokoni kwetu tunaishi vipi. Muuza mawese anatia kwenye chupa nyeupe, mteja aiinue juani aone wekundu. Muuza petroli naye hivyohivyo, ili mwenye pikipiki aone kama haijachanganywa na mafuta ya taa. Asali, hivyohivyo. Mtu wa Kasongo akiona chupa nyeusi anauliza unamficha nini. Kwa hiyo nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Niliomba chupa nyeupe kwa jirani, nikaiosha kwa majivu na maji ya moto, nikahamisha divai yote mbele ya macho ya watu, nikaziba na kupaka nta. Kisha nikaisukia wavu wa kamba, nikaitundika kwenye usukani, mbele kabisa, pale ambapo hata kipofu angeiona.

Mwanangu, nilivimba kichwa! Kila kijiji nilisimama, nikaiinua. "Angalieni! Haijapungua hata tone!" Watoto walinikimbilia. Wazee waliokuwa wakisuka mikeka walinipigia makofi. Jua la kiangazi lilikuwa linawaka tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna wingu, na ile divai ilikuwa inang'aa mbele yangu njia nzima. Sijawahi kusukuma baiskeli kwa furaha namna ile.

Nilipofika Wamaza nilimkabidhi katekista mbele ya kanisa, watu wamesimama. Aliitazama akatabasamu, chupa imejaa. Akafungua ili aionje kidogo. Uso wake ukabadilika. Akampa mzee mmoja, naye akasogeza pua akairudisha haraka. Ilinuka kama sombe ya majani ya muhogo iliyolala kwenye sufuria siku mbili. Katekista akasema, "Hii haiko divai."

Nikasema, "Lakini haijapungua!"

"Njo vile," akasema. "Ulikunywa ile ya kweli, ukajaza ingine mupaka kwa kipimo yake. Kijana, umetubadilishia."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeionyesha ile chupa njia nzima ili watu wanishuhudie, na sasa kule kujaa kwake ndiko kulikonishitaki. Kila nilichosema kilizidi kunichafua. Nilijua kabla sijarudi Kasongo habari ingekuwa imeshafika sokoni, na hakuna ambaye angenipa tena hata gunia la chumvi.

Nilipewa mahali pa kulala kwenye nyumba ya watu waliokuwa wanakamua mawese. Nilikaa uani kwao, chupa iko miguuni, ninainusa, ninashangaa, ninainusa tena. Binti wa nyumba ile alikuwa anatoka kwenye kazi, mikono yake myekundu mpaka viwikoni. Ndiye mama yako. Akaniomba chupa. Akanusa.

"Ulikuja nayo namna gani?"

"Hapa, kwenye usukani."

"Mu jua?"

"Watu waone kama siibi."

Alicheka hadi akashika mti. Halafu akasema, "Basi, watu wameiona. Na jua nayo imeiona." Mimi nilikuwa karibu kulia, akaona, akakaa chini. "Hapana kubadilishwa hii. Jua njo imeikula. Hata mawese ya mama, tukiiacha inje mu chupa nyeupe, inapauka inakuwa kama maji ya maboga. Juu ya ile tunaiweka ndani ya nyumba."

Hakuishia kwenye maneno. Alimwomba mama yake mawese ya chungu kimoja, akayatia kwenye chupa mbili, moja nyeupe na moja ya kijani. Akazipeleka mwenyewe kwenye ukuta wa uani pa kanisa, akamwambia katekista, kwa heshima lakini bila kutetemeka, "Papa, tuziangalie wote." Basi Wamaza nzima ikawa inapita pale kutazama chupa. Watu walikwenda kisimani kwa kuzunguka ili wapite pale. Wengine walisema binti wa watu amelogwa na mpita njia. Kidogo kidogo ile nyeupe ikaanza kufifia, wekundu ukawa njano, na njano ikawa hafifu. Abbé alipofika, walimimina ile ya kijani kwenye bakuli: nyekundu vilevile, kama imetoka chunguni.

Katekista hakuwa mtu mbaya. Alisimama mbele ya Wakristo wote akasema, "Huyu kijana nilimusema mubaya. Anisamehe." Nililia mbele ya watu, Sifa, na sikuona haya.

Watoto walibatizwa na misa ikasomwa, maana abbé alikuwa na kichupa chake cha akiba. Ile divai yangu aliinusa akacheka sana, akasema hewa nayo imesaidia kuiharibu nilipokuwa ninaihamisha. Baada ya chakula alitueleza habari za chupa, mimi na mama yako tumekaa mbali mbali kwa adabu, masikio yote kwake. Alisema kioo hutoka kwenye mchanga, na mchanga una chuma ndani yake, ndiyo maana chupa za zamani zilitoka kijani zenyewe, hakuna aliyechagua. Baadaye watu waliona kwamba divai iliyolala muda mrefu kwenye kioo cha giza inabaki nzuri, wakaanza kukitia giza makusudi. Cha rangi ya kahawia ndicho kinachozuia mwanga kuliko vyote. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, ulinionyesha zile chupa za dawa shuleni kwenu.

Nikamuuliza, "Sasa ile nyeupe wanaitengenezea nini?" Akasema ni kwa divai ya kunywewa mapema, yenye rangi ya kupendeza, ambayo muuzaji anataka ionekane. Tena alisema mara nyingine ni desturi tu: watu wa bonde hili wanatumia kijani, wa bonde lile kahawia, baba zao walifanya hivyo na mnunuzi amezoea. Hilo lilinifurahisha. Kumbe nao wana mambo yao ya wazee.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama yako kwa nini aliniamini kabla mawese hayajapauka. Nilidhani atasema kitu kitamu kuhusu uso wangu. Akasema, "Nilikuona unanusa ile chupa na unashangaa. Mwizi hashangai." Ninamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule kila siku, hata siku ambazo ananiudhi, na leo ameniudhi kwa haki.

Sasa nifike kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Unakumbuka mwaka wako wa pili shuleni. Kila alasiri ulikuwa unatoka na mfuko wako, unarudi jioni umechoka, hutaki kula. Majirani wakaanza. Nikakuuliza unakwenda wapi. Ukasema, "Ninasaidia mutu." Mtu gani? "Papa, siwezi kusema." Nilikupigia kelele mpaka mama yako akafunga madirisha. Niliwataja vijana wote wa mtaa huu kwa majina, mmoja mmoja, nikakuuliza ni yupi. Ulisimama pale machozi yanakutoka, na hukusema. Kesho yake ulitoka tena. Nikakununia mvua zote za msimu ule.

Halafu Mama Zaina, mjane wa nyuma ya soko, akaja hapa kwa miguu yake mwenyewe, na kuku mkononi. Alikaa pale unapopenda kukaa. Akaeleza kwamba mguu wake ulikuwa na kidonda kinachonuka hadi akawaficha hata wakwe zake, kwamba alikuapisha usimwambie mtu, na kwamba wewe ndiye uliyekiosha na kukifunga siku zote zile mpaka kikapona. "Huyu mutoto wenu," alisema, "hakunifunua hata mara moja." Mama yako akalia. Mimi nikamshukuru Mama Zaina vizuri sana, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Na kwako sikusema kitu. Kuku alipopikwa nilikupa paja, nikadhani nimemaliza.

Mwanangu, sikumaliza. Ulikuwa unaweza kujisafisha kwa neno moja tu, nawe ukachagua kubeba hasira yangu ili mama wa watu asiaibike. Sijui ni nani alikufundisha hivyo. Si mimi. Mimi ndiye niliyetundika divai juani ili nisichekwe na vijana. Ninakushukuru kwa kidonda cha Mama Zaina. Ninakushukuru kwa kunisalimia kila asubuhi ya msimu ule ingawa nilikujibu kwa kuguna tu. Ninakushukuru kwa kuwa umekua hivi katika nyumba yenye mtu kama mimi.

Wala sikuambii ujifiche. Kwenye kazi yako kuna mambo ambayo ni lazima watu wayaone: dawa unayompa mgonjwa aione, kosa ukikosea liseme siku ileile, mkubwa wako akiuliza umjibu wazi. Lakini kuna mengine ni ya kwako, na ya wagonjwa wako, na ya moyo wako, na hata ukimpata mtu unayempenda huko, mwanzoni ni ya kwako. Kujua lipi ni lipi, mimi sina la kukufundisha. Ulilijua ukiwa na umri mdogo kuliko wangu nilipokwenda Wamaza.

Leo alasiri nilimpigia shangazi yako Mwavita. Nilimwambia aiache ile kazi niliyompa. Asikuulize umetoka na nani, asishike simu yako, asinipigie kunipa ripoti. Ukitaka kukaa kwake, ukae kwa sababu mnapendana. Ukipata chumba karibu na kituo cha afya, uhamie. Akauliza:

"Kaka, na watu wakiniuliza mutoto anaishi namna gani?"

"Wamuulize yeye."

"Na weye? Nitakuwa nakupigia kukuambia nini?"

Nikamwambia anipigie kunieleza habari zake mwenyewe, maana tangu tumzike mama yetu sijamuuliza. Akaanza kulia kwenye simu, nami nikasema mtandao ni mbaya.

Picha usinitumie kwa amri. Ukiona kitu kizuri ukanikumbuka, nitumie. Nitaionyesha sokoni mpaka wateja wakimbie.

Baba zako wadogo hawajui habari hii. Watakuja kesho kukuaga, na desturi yetu ni kwamba baba husema neno la mwisho watu wote wakiwa wamesimama. Watanitazama wakisubiri nirudie masharti. Nimejiandaa. Nitawaambia kwamba binti yangu anakwenda Salamabila bila mlinzi kutoka kwangu, na anayetaka kujua kwa nini aende akamuulize Mama Zaina ni nani aliyenyamaza na ni nani aliyepiga kelele. Kisha nitakuomba msamaha kwa sauti ya kusikika, nikiwa nimevua kofia, kama katekista wa Wamaza alivyofanya kwangu. Nilipewa msamaha ule mbele ya watu wakati sikuwa na kitu kingine duniani, na wewe umeungoja tangu mwaka ule.

Ukilia, lia tu. Dereva atasubiri, nimeshamwambia.

Mimi baba yako, mwenye bahati kuliko akili,
Kitenge